Binti wa Sukari: siku tano barabarani na mama mkwe

Nimechelewa kuandika haya. Safari ilikuwa Juni 2025, na nilichonacho ni daftari lenye madoa ya chai, risiti zilizofifia na picha 200 na ushei, nyingi zikiwa za kisogo cha mama mkwe.

Chanzo ni kanisa letu la Worcester, Massachusetts. Wakongo na Watanzania tunaosali pale huadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, na mwaka huo mchungaji aliniambia niandae usomaji wa Kiswahili wa mistari ile mitano mashuhuri ya shairi la Sanamu ya Uhuru ya New York. Nikaona kazi ya usiku mmoja. Wiki mbili zilipita na mstari wa tatu bado umenikaba. Mke wangu, aliyechoka kunisikia nikinung'unika jikoni, akasema: "Si uende ukamtafute mwenyewe aliyeandika? Na umchukue Mama, hajatoka nje ya mji huu tangu aje."

Aliyeandika ni Emma Lazarus. Alifariki mwaka 1887, akiwa na miaka 38.

Siku ya 1, Alhamisi Juni 5. Worcester, Concord, Fall River

Kwetu Kigoma mkwe hukai naye bega kwa bega, na kwao Fizi, Kongo, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo Mama alikaa kiti cha nyuma kama waziri, miguuni akiwa na ndoo ya plastiki: chapati kumi, mayai ya kuchemsha kumi na mawili, dagaa wa kukaanga na pilipili. Chupa ya chai aliipakata. Anayetaka kujua tulivyokula kwa gharama ndogo, jibu ni ile ndoo.

Njiani nilimsimulia. Emma alizaliwa New York Julai 22, 1849, katika familia ya Wayahudi wenye asili ya Ureno waliokuwa Marekani tangu kabla haijawa nchi. Baba yake, Moses Lazarus, alikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari. Mashairi ya kwanza ya binti, baba ndiye aliyeyapeleka kwa mpiga chapa mwaka 1866. Walimu walimfuata nyumbani. Kijerumani na Kifaransa alivijua tangu utotoni.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamenya yai.

"Kwa hiyo ni binti wa sukari."

"Ndiyo, Mama."

"Na hiyo miwa alilima nani?"

Nilikuwa na jibu ila sikulipenda: mshirika wa biashara wa baba yake, Bradish Johnson, alikuwa na mashamba ya miwa Louisiana, na kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mama alitikisa kichwa. "Sasa huyo mambo ya wakimbizi alijuaje?" Swali hilo tulisafiri nalo siku zote tano.

Concord ni mji mdogo, msafi mno, wenye miti inayokutana juu ya barabara. Nyumba ya Ralph Waldo Emerson hufunguliwa kwa msimu, si kila siku, hivyo angalia kabla ya kwenda. Tikiti ilikuwa kama dola 15. Emerson alikuwa mzee wa waandishi wote wa zama zake. Emma alimtumia kitabu chake akiwa msichana, mzee akamjibu, akawa mwalimu wake kwa barua, na Emma akamtabaruku shairi kuu la kitabu chake cha mwaka 1871. Kisha mwaka 1874 mzee akakusanya diwani kubwa ya mashairi ya watu anaowaona wanafaa, na Emma hamo! Hakunyamaza. Alimwandikia barua ya hasira iliyonyooka, akimkumbusha sifa alizommwagia na kumuuliza sasa imekuwaje.

Hapo Mama alifurahi kwa mara ya kwanza. "Vizuri. Mgao ukikupita, unauliza."

Mwaka 1876 Emerson akamkaribisha Concord kwa wiki nzima. Kumbukumbu za mzee zilikuwa zimeanza kumtoka. Aliyemtembeza Emma ni William Ellery Channing, rafiki wa Henry Thoreau, mwandishi wa hapo hapo Concord, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne kaburini. Siku ya kuondoka, Channing akampa Emma dira ndogo ya mfukoni ambayo Thoreau alikuwa akitembea nayo porini. Nilimtafsiria Mama hadithi hiyo tukiwa chini ya mti, akaacha kutafuna. "Dira ya marehemu hupewi mgeni," akasema. "Hiyo hupewa mtu wa nyumbani."

Foleni ya Route 128 ilitula saa mbili. Vyumba vya Newport mwezi Juni ni bei ya harusi, kwa hiyo tulilala Fall River, nusu saa kabla ya kufika: vyumba viwili vya moteli, dola 190 pamoja na kodi. Mama alipasha dagaa kwenye maikrowevu ya mapokezi. Sitaeleza zaidi.

Siku ya 2, Ijumaa Juni 6. Newport, halafu New York

Fall River imejaa Wareno. Asubuhi tuliingia duka la mikate, mama mmoja mwenye mvi akatuonyesha pa kukaa kwa kupigapiga ubao: "Mesa, mesa." Mama akamtazama, akaupiga ubao naye: "Meza!" Wakacheka wote wawili. Yule mama akaanza kuonyesha vitu. *Bandeira*, iliyoning'inia ukutani, bendera. *Lenço*, cha kichwani mwake, leso. Mimi nilisoma shuleni kwamba maneno haya tuliyachukua kwa Wareno pwani, lakini sikuwahi kuyaona yakirudishwa kwa mwenyewe juu ya sahani ya mkate mtamu. Tulilipa dola 9, mkate wa pili akatupa bure, akaufunga kwa karatasi na uzi.

Newport kuna sinagogi la Touro, lililozinduliwa mwaka 1763, jengo la sinagogi kongwe kuliko yote yaliyobaki Marekani. Unaingia na mwongozaji. Tikiti ilikuwa chini ya dola 20. Onyo: ni nyumba ya ibada, Jumamosi hakuna ziara, na Ijumaa hufungwa mapema, kwa hiyo fika asubuhi. Ndani kuna nguzo kumi na mbili kwa makabila kumi na mawili, na mwanga mweupe unaoingia kupitia madirisha mapana.

Familia ya Lazarus ilikuja mji huu kila kiangazi. Emma alikuwa na miaka 18, mwaka 1867, alipoandika shairi kuhusu sinagogi hili. Wakati ule Wayahudi wa Newport walikuwa wamekwisha kutawanyika, nyumba ipo lakini haina watu. Longfellow, mshairi mkubwa wa siku zile, alikuwa ameandika kuhusu makaburi ya Wayahudi yaliyo juu kidogo ya barabara, akamaliza kwa kusema mataifa yaliyokufa hayafufuki. Binti wa miaka 18 akaazima mapigo yale ya mzee, akaenda ndani ya sinagogi badala ya makaburini, na mwishoni akasema pahala hapa bado ni patakatifu: vueni viatu, kama mbele ya kile kijiti kilichowaka moto.

Nilimnong'oneza Mama mstari huo mlangoni. Kosa langu. Alikuwa amekwisha kuvua kandambili. Mwongozaji akaja mbio kwa upole kusema hapa hatuvui, nikaeleza kwa nini, akasimama kidogo, kisha akasema kwa Kiingereza, "Mwache." Mama alizunguka sinagogi lote akiwa na soksi.

Lango la makaburi lilikuwa na kufuli. Tulichungulia kwenye nondo, basi. Halafu tukapita barabara ya Bellevue kuona zile wanazoita nyumba ndogo za mapumziko; ni majumba. Ya akina Lazarus iliitwa The Beeches. Mama alinyamaza barabara nzima, nikajua swali lake limenenepa.

Daraja la Pell kutoka Newport lilikuwa dola 4 kama una E-ZPass, kifaa cha kulipia barabara. Usipokuwa nacho bili hukufuata nyumbani ikiwa imekua. I-95 siku ya Ijumaa mchana sina la kusema juu yake. Gari tuliliacha kwenye maegesho karibu na kituo cha treni cha New Haven, tukapanda treni ya Metro-North hadi Harlem, karibu dola 20 kwa mtu. Fanyeni hivyo. Anayeingia Manhattan na gari lake ana pesa za kuchezea. Ndugu wa kanisani anayeishi Bronx alitupokea saa tano usiku na ugali wa moto, akampa Mama kitanda chake yeye akalala sebuleni. Mama alijaribu kukataa, akashindwa.

Siku ya 3, Jumamosi Juni 7. Kisiwa cha Wards

Mvua. Makaburi ya Wayahudi hufungwa Jumamosi, kwa hiyo nilikuwa nimeitenga siku hii kwa ajili ya kisiwa.

Watalii hawaendi Wards Island. Basi la M35 linatoka mtaa wa 125, nauli wakati ule dola 2.90, unagusisha kadi ya benki tu. Abiria wengi siku ile walikuwa watu wenye mifuko mikubwa ya nailoni, wakaazi wa makazi ya wasio na nyumba yaliyoko kule. Kijana mmoja wao alimwona Mama hana mwavuli. Aliposhuka alisimama naye, akamfunika na wake mpaka kwenye paa la kibanda, yeye akilowa bega moja. Tulipotaka kumshukuru alikwisha kuondoka.

Mwaka 1881 mfalme wa Urusi aliuawa, na wimbi la kuwashambulia Wayahudi likafuata. Walikimbia kwa maelfu, na New York iliwaweka wengi wao hapa, kisiwani, mbali na macho. Emma, binti wa sukari, mtafsiri wa Heine, mshairi wa Kijerumani, aliyekuwa ameandika tamthilia na riwaya kuhusu Ulaya ya kale, alivuka maji mwaka 1882 kuja kuwaona. Akarudi tena. Alisaidia kuwatafutia kazi na mafunzo ya ufundi, na aliandika gazetini kulalamikia hali ya makazi yenyewe: uchafu, maji, watu kukaa bila shughuli. Mwaka huo huo akatoa kitabu, *Songs of a Semite*, na kalamu yake haikuwa ile ya zamani tena.

Mama aliuliza maswali ya mtu anayejua anachouliza. Walipewa chakula kibichi au kilichopikwa? Nani alikuwa anagawa? Vyoo viligawanywa wanaume na wanawake? Mengi sikuweza kumjibu. Alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 kwa mtumbwi wa mashine, usiku, na akaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, zaidi ya miaka ishirini. Alinionyesha kwa mikono jinsi foleni ya unga ilivyokuwa inajikunja kuzunguka mti mmoja wa mwembe, na jinsi wageni wa magari meupe walivyokuwa wanasimama upande wa kivuli, wakiandika.

"Walikuja wengi wa kuandika," akasema. "Wa kurudi mara ya pili, hesabu vidole."

Nilimwambia na hili: Wards na Randalls siku hizi ni kisiwa kimoja, na upande wa pili, kuanzia mwaka 2023, jiji lilisimika mahema makubwa ya watu wanaoomba hifadhi, wengi wakitokea Amerika ya Kusini na Afrika Magharibi. Yalifungwa mapema mwaka 2025. Tulikuta nyasi na watoto wanacheza mpira mvuani.

Kurudi tulitumia daraja la waenda kwa miguu linalotokea mtaa wa 103. Kabla ya kulipanda Mama aliinama kando ya maji, akaokota changarawe mbili, akazifuta kwa kanga na kuzifunga kwenye pindo. Sikuuliza.

Siku ya 4, Jumapili Juni 8. Sanamu

Treni ya chini ya ardhi ilijaa bendera za Puerto Rico, kumbe ni siku ya gwaride lao. Dada mmoja alimpa Mama kibendera, akakipeperusha hadi Battery Park bila kujua ni cha nani.

Hapa nawaonya kwa sababu mimi nilikosea. Ukitoka tu kituoni wanakujia vijana wenye fulana na vitambulisho shingoni wakiuza "tikiti za sanamu". Wapite. Tikiti halali zinauzwa mtandaoni na ndani ya Castle Clinton, ngome ya mviringo iliyoko palepale bustanini. Mimi nilikata mtandaoni, dola 25 na senti, Mama pungufu kidogo kwa umri wake, nikajiona mjanja. Sikusoma kwamba kuna tikiti ya kisiwa tu na tikiti ya kuingia ndani ya jukwaa la sanamu, na hiyo ya pili huisha siku nyingi kabla. Kwa hiyo hatukuingia. Mimi niliyesafiri siku nne kufuata shairi lililowekwa humo!

Hiyo Castle Clinton msiipite haraka. Ndiyo Castle Garden ya zamani, walikoshukia wahamiaji kuanzia mwaka 1855 hadi 1890. Ellis Island, ambayo meli hukupitisha, ilifunguliwa mwaka 1892. Emma hakuiona.

Hata sanamu hakuwahi kuiona imesimama alipoandika. Mwaka 1883 Wamarekani walikuwa wanahangaika kupata fedha za kujenga jukwaa, Wafaransa wametoa sanamu lakini pa kuiweka hakuna. Ukaandaliwa mnada wa kazi za sanaa, na mwandishi Constance Cary Harrison akamwomba Emma shairi. Akakataa: yeye haandiki kwa kuagizwa, tena juu ya sanamu. Harrison akamwambia afikirie yule mama amesimama bandarini na mwenge wake, na awafikirie wale wakimbizi anaowatembelea Wards Island. Siku mbili tatu, shairi likaja. Mishororo kumi na minne.

Nilimsimulia Mama tukiwa tumekaa kwenye benchi, mgongo wa sanamu juu yetu, dagaa wa mwisho mapajani. Akauliza, "Kwa hiyo ni kile kisiwa cha jana?"

"Ndicho."

Hakusema kitu, ila mkono ulikwenda kwenye pindo la kanga.

Kisha nikamsomea tafsiri yangu, na ugomvi ukaanza. Katika shairi sanamu inaitwa mama wa waliofukuzwa kwao. Nilikuwa nimeandika "Mama wa Wahamishwa". Mama akaguna. "Mwanamke huitwa kwa watoto wake. Andika Mama Wakimbizi." Nikakata, nikaandika. Mstari wa waliopigwa na dhoruba nao hakuupenda. Mtu wa ziwani, alisema, hapigwi na dhoruba, *anasukwasukwa*. Nikakata tena. Tukafika mstari wa tatu wa ile mitano, ulionikaba tangu Mei. Emma anataja *refuse*, kile kinachotupwa, kutoka fukwe zilizojaa watu. Nilikuwa nimeweka "takataka".

"Sisi ndio takataka?"

Nikajitetea kwamba Emma anawasuta wanaotupa, siyo wanaotupwa. Mama akasema msikilizaji wa kanisani hatakuwa na muda wa kujua nani anamsuta nani. Nikapendekeza masazo. Hapana. Machicha. Akacheka, hapana. Meli moja ikaondoka, ya pili ikaja. Mwishowe yeye mwenyewe akainua viganja, akapepeta hewani kama mwenye ungo: "Makapi. Ukipepeta, kuna yanayobaki na kuna yanayopeperushwa. Makapi hayakuchagua."

Bamba la shaba lenye shairi liliwekwa ndani ya jukwaa mwaka 1903, kwa juhudi za rafiki yake Georgina Schuyler. Sanamu ilipozinduliwa Oktoba 1886 shairi halikusomwa, na Emma alikuwa Ulaya. Mimi bamba nililiona kwenye sumaku ya jokofu, dola 8. Nilikodoa macho na nikaona kile nilichokuwa nimesoma: baada ya neno *Keep* katika mshororo wa tisa mkono wa Emma una koma, na bamba halina. Nimeibandika jikoni, na kila nikifungua friji naiona koma isiyokuwepo. Nje, kwenye njia, kuna sanamu ndogo ya shaba ya Emma pamoja na za wanaume wanne walioshiriki kuijenga ile kubwa. Mama alipiga naye picha, kibendera cha Puerto Rico mkononi.

Jioni tulipita West 10th Street, namba 18, nyumba ya familia. Ni nyumba ya watu, tulisimama ng'ambo ya barabara dakika tano tu. Alirudi kutoka Ulaya Julai 1887 akiwa hoi, kwa kile kinachodhaniwa kuwa saratani ya tezi za limfu, na Novemba 19 akafariki. Daftari alilonakili mashairi yake kwa mkono, lile shairi likiwa la kwanza, linatunzwa na American Jewish Historical Society, mitaa michache kutoka hapo.

Siku ya 5, Jumatatu Juni 9. Makaburini

Treni ya J inapanda juu ya mtaa baada ya daraja la Williamsburg, unaona paa za Brooklyn na nguo zilizoanikwa. Shukeni Cypress Hills, mwulize mtu. Makaburi ya Beth Olam yako mpakani mwa Brooklyn na Queens. Nilipiga simu mapema, nawashauri mfanye hivyo. Mtunzaji alituongoza mwenyewe kwa sababu, alisema, goti la Mama na la mama yake ni lile lile. Alitembea mwendo wetu.

Hakuna maua. Wayahudi huweka kokoto, na juu ya jiwe la Emma zilikuwepo, kubwa na ndogo, moja imeandikwa jina kwa kalamu ya wino. Mama akafungua pindo. Changarawe ya kwanza akaiweka. Ya pili akaigeuzageuza, akairudisha kwenye kanga.

"Miaka 38," akasema. "Mimi nilipanda mtumbwi na miaka hiyo hiyo." Kisha akamwuliza mtunzaji, kupitia kwangu, kama kuna mahali pa kunawa mikono.

Tulikula kwenye mgahawa wa Wadominika chini ya reli: wali, maharage, ndizi za kukaanga, dola 13 sahani, inatosha watu wawili. Kuegesha gari New Haven siku tatu kuliniuma kuliko tikiti ya sanamu. Jumla yote, petroli na moteli ndani yake, haikufika dola 550.

Hii ndiyo iliyosomwa kanisani Juni 20:

*Nipeni waliochoka, nipeni fukara wenu,*
*umati uliobanana wenye kiu ya pumzi huru,*
*makapi yaliyopepetwa nje ya fukwe zenu.*
*Wasio na kwao, waliosukwasukwa, waleteni;*
*taa yangu naiinua penye mlango wa dhahabu.*

Kwenye gari, karibu na Hartford, mke wangu alipiga simu. Nikamweka spika. Aliuliza, "Mama, umemwona huyo binti wa sukari?"

"Nimemwona," Mama akajibu kutoka nyuma. "Alirudi mara ya pili." Halafu akataka kujua kama kuna mtu aliyekumbuka kumwagilia mchicha wake.